Nilivyofunga kamera kwenye helmeti ya kurukia parachuti, kazi iliyofanyika Mwanjelwa, Mbeya

Wanaoniona na kamera juu ya helmeti huniuliza kama haidondoki angani. Mimi swali lililokuwa likininyima usingizi ni jingine: ikinaswa na kamba za parachuti, itaniachia? Kuifunga kamera isitoke ni kazi ya gundi na skrubu tu, hata mtoto wa gereji anaiweza. Kuifunga ikae imara ndege ikiruka, ikae imara parachuti ikifunguka, halafu ikubali kuachana na kichwa changu siku mambo yakiharibika, hiyo ndiyo iliyotuchukua muda mrefu mimi na fundi wangu.

Naishi Mbeya. Kurukia narukia Diani, pwani ya Kenya, kila likizo na nauli vinapokutana. Ni safari ya basi hadi Dar, kisha Tanga, mpaka wa Horohoro, halafu unaingia Lunga Lunga na kuendelea. Kwa hiyo kila kitu cha helmeti kilibidi kitengenezwe huku nyumbani, kikafike kule kikaguliwe na watu wanaojua, kisha ndiyo kiende angani.

Kwa ambaye hajawahi kuruka, nieleze kidogo kinachotokea. Unatoka kwenye ndege ukiwa kama mita 4,000 juu. Unaanguka kwa karibu dakika moja, na ukiwa umelala kifudifudi kasi inafika kilomita 200 hivi kwa saa. Kisha unatupa kiparachuti kidogo, hicho kinavuta utepe, utepe unafungua begi la mgongoni, na kamba za parachuti kuu zinanyooka kwa nguvu kupita nyuma ya kichwa na mabega yako. Ukiwa umekaa vizuri zinapita bila kukugusa. Ukiwa umeinama upande, au unazunguka, zinaweza kupita juu ya kichwa chenyewe. Na kamba hizo ni nyembamba, nyingine hazifiki unene wa kamba ya kiatu. Ufa unaoingiza kucha unaweza kuingiza kamba.

Kamera za siku hizi ni ndogo mno, na udogo huo unadanganya. Zamani mpiga picha wa angani alibeba mzigo kichwani, kwa hiyo hakuna aliyethubutu bila uzoefu. Leo kitu cha gramu 150 unakibandika kwa dakika mbili. Chama cha warukaji cha Marekani, USPA, kinashauri mtu awe na miruko 200 kabla ya kuvaa kamera, na miruko 50 kwa parachuti ileile atakayoitumia kurekodi. Kuna wanaoona ushauri huo ni wa kuwabania wageni. Mimi niliungoja, na ninautetea, kwa sababu kamera inakula akili kabla haijala shingo. Aprili 1988, kule North Carolina, Ivan McGuire, mrukaji aliyekuwa na miruko mamia, alitoka kwenye ndege kurekodi wenzake akiwa na vifaa vya kurekodia mgongoni na parachuti hana. Mtu mzoefu kiasi hicho. Nikikumbuka habari yake sioni aibu kumwuliza mwenzangu mara tatu kama mikanda yangu imekaa sawa.

Fundi niliyemwendea ana kibanda Mwanjelwa, anatengeneza mabodi ya pikipiki na kuziba mabampa ya magari kwa fibaglasi. Ni mzee wa Kinyakyusa, mpole, asiyependa kuharakishwa. Nilipoiweka helmeti mbele yake na kumweleza, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Mwanangu, kwa hiyo unataka kitu kisicho na mahali pa kushika." Nikamwambia, "Ndiyo hicho, mzee wangu, umemaliza." Tangu hapo hakunihitaji nimweleze tena.

Kwanza tulibishana mahali pa kuiweka. Yeye aliona pembeni, karibu na sikio, kwa kuwa pale helmeti ni bapa na gundi inashika vizuri. Nilikataa kwa sababu mbili. Pembeni ndiko mikanda ya mabega inakoruka parachuti inapofunguka, ikigonga kamera inasukuma kichwa chote. Tena upepo wa kilomita 200 ukikamata kitu upande mmoja tu, unakizungusha kichwa, na shingo ndiyo inayolipa. Tukakubaliana juu ya paji, katikati kabisa, chini kadiri inavyowezekana. Mikono mirefu ya plastiki inayouzwa pamoja na kamera, ile ya kuinulia, nilimwachia kijana wake aifanyie anachotaka.

Juu ya paji nako kuna lawama yake: kamera inasimama kama kisiki. Dawa yake ni ngao, yaani tuta lenye mteremko mbele, nyuma na pembeni, kamera ikae ndani yake, na kamba ikija ipande na kuteleza. Tulichonga umbo kwa sponji ngumu, tukalivisha fibaglasi. Hapo ndipo baridi ya Mbeya ilipoingia kwenye hesabu. Ilikuwa Juni, usiku joto linashuka chini ya nyuzi 10, na resini haikauki kama inavyokauka Kyela au Dar. Kwa resini aliyoizoea ya mabampa, fundi huongeza kidogo hadena, ile dawa ya kukaushia, kukiwa na baridi. Sisi tulitumia epoksi, kwa sababu ile nyingine inaweza kuyeyusha sponji na baadhi ya plastiki, na epoksi haitaki mchezo huo. Vipimo vyake viwili, cha resini na cha hadena, ni vilevile kwenye baridi na kwenye joto, ukizidisha kimoja unapata kitu kinachobaki laini ndani milele. Nilimsomea maandishi ya kwenye kopo. Akakubali, akatengeneza sanduku la mbao, akaning'iniza balbu ya njano ndani yake, ngao ikalala humo ikipata joto. Kesho yake mchana ililia kama kigae ilipogongwa kwa ukucha.

Helmeti yenyewe hatukuitoboa. Nilishikilia hilo kwa nguvu zote, kwani tundu linadhoofisha ganda, na skrubu ikipita ndani ncha yake inaangalia fuvu. Tuliparaza ganda kwa msasa, tukabandika bamba jembamba kwa epoksi, nati zikiwa zimezamishwa ndani ya bamba. Ngao na kamera yake vinakaa juu ya bamba hilo kwa skrubu za nailoni nilizoagiza Dar. Za chuma zingedumu zaidi, lakini nilitaka kama kuna kitu cha kukatika, kikatike hapo. Tulianza na nne. Kijana wa fundi akavuta ngao kuelekea nyuma kwa kamba, akavuta kwa uzito wake wote, wala haikutikisika. Tukabakiza mbili nyembamba. Safari hii ikang'oka, na kabla ya hapo tulikuwa tumeitikisa na kuigonga sana bila kulegea. Kijana akapendekeza tuifunge na kamba ndogo kwenye helmeti ili ikikatika nisiipoteze. Wazo zuri kwa mtu wa bodaboda. Kwangu kamba hiyo ingekuwa kitanzi kipya kichwani, na ingeifanya kazi yote ya skrubu kuwa bure.

Jaribio ninalolithamini kuliko yote halikuwa na mtambo wowote. Fundi wa parachuti wa Diani alikuwa amenipa kipande cha kamba kuukuu ya parachuti na kipande cha utepe. Nilivaa helmeti, nikakaa kwenye kigoda, fundi wangu akasimama nyuma yangu akipitisha kamba juu ya kichwa akiwa ameishika ncha zote mbili: kutoka nyuma, kutoka kila bega, ikiwa imekaza, ikiwa imelegea, kichwa kikiwa wima na kikiwa kimeinama. Kisha utepe vivyo hivyo. Kamba ilitafuta kila kasoro. Iliingia chini ya kona ya nyuma ya ngao, mahali ambapo jicho liliona pameshikana. Ikanaswa kwenye kitufe cha kuwashia. Ikanaswa hata kwenye ncha ya mkanda wa kidevu, ambayo haihusiani na kamera kabisa na imekuwa ikining'inia hapo tangu ninunue helmeti. Kona tuliijaza silikoni na kuilainisha, kitufe tukakizamisha kwenye shimo la kidole, ncha ya mkanda tukaishonea ndani. Tukarudia. Majirani wa kibanda walikusanyika, mama mmoja muuza ndizi akaomba naye avute. Nilimwachia, maana mtu asiyejua kamba inatakiwa ipite wapi ndiye anayeivuta kule ambako sisi hatukufikiria.

Bado skrubu za nailoni si kinga ya kutegemea. Zinaweza zisikatike, au kamba ikakamata helmeti yenyewe. Kinga ya kweli ni kuweza kuivua helmeti nzima kwa mkono mmoja. Hapo sikubuni kitu. Niliagiza kifunguo kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, chenye kitasa cha kuvuta, na mshona viatu wa Kabwe akakishonea kwenye mkanda wa kidevu kwa uzi wa nta. Tukakijaribu na ndoo ya lita 20. Tulifunga helmeti kwenye boriti, tukapitisha mkanda wa kidevu kwenye mkono wa ndoo iliyojaa maji, ikaning'inia. Kifungo cha kawaida, kile cha kubonyeza pande mbili, kilikataa kabisa kikiwa kimebeba uzito huo. Kitasa kilipovutwa ndoo ilishuka papo hapo. Nilivuta kwa mkono wa kulia, wa kushoto, nikiwa na glavu, nikiwa nimefumba macho. Siku hiyo ndiyo mama yangu, aliyekuja kwa shaka zake zote, aliondoka akiwa ametulia. Alimwambia fundi "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, kwa namna ambayo sijamsikia akiitamka kwa daktari.

Diani mkufunzi wangu aliishika helmeti kwa muda mrefu bila kusema. Akapitisha kamba yake mwenyewe. Akaniuliza hatua: parachuti kuu imevurugika, kamba zake zimekamata helmeti, unafanya nini kwanza? Jibu ni helmeti kwanza, kwa maana ukiikata parachuti kuu, yaani kuiachia iende ili ufungue ya akiba, ikiwa bado imeshika kichwa, inaondoka na shingo yako. Na kimo kinaendelea kupungua, kwa hiyo helmeti haipewi majaribio mengi. Alinifanya nirudie nikiwa nimening'inia kwenye mikanda ya mazoezi mpaka mkono ukawa unakwenda wenyewe.

Miruko ya mwanzo nilivaa kamera bila kuiwasha. Wenzangu walishangaa, lakini nilitaka kuujua uzito tu: kichwa kinavyogonga mlango wa ndege ambao zamani kilikuwa kinaupita, shingo inavyojisikia parachuti ikifunguka. Mfunguko ukiwa wa mara tano ya uzito wa kawaida, gramu 150 zinakuwa kama robo tatu ya kilo, na ngao inaongeza chake. Nilijifunza kutazama mbele na kunyoosha shingo wakati wa kufungua. Kugeuka kumwangalia mwenzangu anavyofunguka, hata kama ndiyo picha nzuri kuliko zote, nimeacha kwanza.

Sasa nina utaratibu. Kamera naiwasha ndege ikiwa bado inapanda, kabla ya ukaguzi wa mwisho wa mikanda na vitasa, ili ukaguzi ndio uwe kitu cha mwisho kichwani mwangu. Baada ya kila siku ya kuruka nabadilisha skrubu za nailoni, maana ni za bei ndogo na huchoka bila kuonyesha. Chini kuna watu ufukweni, kwa hiyo ngao ikicheza hata kidogo siivai. Na silikoni ya ile kona ya nyuma hujiachia kwa chumvi na jua la pwani, hivyo kabla ya kupanda ndege mwenzangu huipitishia kamba, na nikirudi Mbeya fundi huibandua na kuipaka upya.