Sentensi yangu moja na ami wa kahawa

Wiki sita nimehangaika na sentensi moja, na sasa imekaa, alhamdulillahi. Ni ile sentensi inayobeba hadithi nzima kabla hujaandika ukurasa wa kwanza. Yangu ilianza hivi: "Mzee mmoja fundi wa majahazi wa Matondoni, aliyefiwa na mkewe, anapambana na mabadiliko ya dunia huku akikumbuka zamani na kujifunza maana ya maisha."

Niliwasomea wenzangu watatu tunaokutana Ijumaa baada ya Alasiri kwenye baraza la shangazi, mtaa wa Langoni, hapa Lamu. Mmoja akasema, "Tia mapenzi kidogo." Nikatia: mjane wa Shela, barua, machozi. Ijumaa iliyofuata mjane alikuwa amemfunika fundi kabisa. Mwingine akasema, "Fupisha." Ushauri huu uliniudhi zaidi, maana nilikata mpaka ikabaki "Fundi mzee anapambana na dunia." Fupi, na tupu. Mtu akikwambia ufupishe, mwulize kwanza panavuja wapi.

Aliyenifaa ni dada wa tatu. Hakusema nzuri wala mbaya. "Huyu mzee anataka nini hasa? Na asipokipata, nani ataumia?" Sikuwa na jibu.

Basi nikabuni njia yangu, nayo naisifu hadi leo. Pale Mkunguni, mbele ya ngome, kuna ami anayeuza kahawa. Nilimsimulia sentensi yangu, nikanywa vikombe viwili, nikaondoka. Baada ya Isha nikarudi: "Ami, ile hadithi yangu ilikuwaje?" Akafikiri. "Si yule mzee aliyefiwa na mkewe?" Ndiyo hiyo tu. Dunia, zamani, maana ya maisha, vyote vilikuwa vimemtoka kichwani. Usimwulize mtu kama hadithi ni nzuri, atakustahi. Mwambie akusimulie.

Nikamjaribu tena na fundi anayeanza kupofuka, ambaye lazima amalize chombo chake cha mwisho. Safari hii alikumbuka yote, lakini akauliza, "Kwani hana wanafunzi wa kummalizia?" Kweli. Hadithi nzima ikaanguka kwa swali moja la muuza kahawa. Kahawa peke yake ilishanila shilingi mia tatu na kitu.

Nikampelekea dada yule. Babake aliunda vyombo, na dada akanieleza jinsi mzee wake, baada ya kushindilia pamba yenye mafuta kati ya mbao, alivyokuwa akipitisha kidole gumba kwenye kila mwanya huku akizungumza na watu, macho yakiwa kwingine. Kidole ndicho kilichokuwa kikiona. Nilimshika mkono dada yule, nikashindwa kusema.

Usiku ule nikaandika: "Fundi wa Matondoni anayeficha upofu wake anapapasa jahazi aliloliunda na kukuta mwanya asiouziba, siku tatu kabla ya mwanawe kusafiri nalo." Hesabu mwenyewe: maneno 23 yamekuwa 20. Urefu haukuwa ndio ugonjwa.

Ami aliposikia aliweka dele chini. Hakusema kitu, akanimiminia kikombe. Siku mbili baadaye napita na kapu langu la samaki, punda wamejaa njiani, nikasikia ananiita kutoka ng'ambo:

"Mwanangu! Yule fundi alimwambia mwanawe, au alinyamaza?"