Vitabu vya kurasa 16: nilipofikia

11 Januari

Nakala 20 za kwanza zimekwenda na maji. Kitabu cha kurasa 16 ni karatasi nne za A4 zilizochapwa mbele na nyuma, zikakunjwa katikati na kubanwa pini mbili mgongoni. Ukurasa wa kwanza unalala ubavuni mwa wa 16, wa pili ubavuni mwa wa 15, hivyo hivyo mpaka wa nane na wa tisa wakutane katikati. Hayo niliyapanga vizuri. Nilichosahau ni kuiambia printa igeuze karatasi kwa upande mfupi. Ikageuza kwa upande mrefu, na nusu ya kitabu imetoka kichwa chini miguu juu. Karatasi 80! Nimezikata vipande, sasa ndizo risiti za dukani. Mteja mmoja aliyekuja kutoa kopi ya cheti alisimama mlangoni akaisoma risiti yake mpaka mwisho, kisha akarudi kuuliza hadithi iliyobaki iko wapi.

Kwa anayekutana na mradi huu leo: nina steshenari ndogo hapa Ujiji, na wateja wakipungua mchana natunga vitabu vya watoto wa darasa la tatu hadi la tano. Maisha ya watu wa kale na visa vya wanyama, vyote vya kweli. Nimejiwekea sharti moja, nalo ndilo linalonitesa: simlishi mtu maneno. Kama hakuna mahali palipoandikwa kuwa alisema, kwangu hasemi. Wala sokwe haongei.

18 Januari

Nilidhani cha Livingstone, yule mmisionari Mskoti, kitakuwa mteremko, maana mtoto wa Ujiji anakua na hadithi hiyo masikioni: Stanley, mwandishi wa gazeti, kaja kumtafuta, mwembe, kofia mkononi, na ile salamu ya Kiingereza, "Dr. Livingstone, I presume?", ambayo hata wasiojua Kiingereza wameikariri. Sasa tazama. Ukurasa wa tukio hilo kwenye shajara ya Stanley ulichanwa, na Livingstone alipoandika jinsi walivyokutana, salamu hiyo hakuitaja. Tarehe nayo ina matatizo. Stanley aliandika 10 Novemba 1871, lakini safarini hesabu ya siku iliwapotea, na wanaochunguza wanabishana hadi leo. Nimeifuta salamu. Nimeandika 1871, basi.

Nikabaki na ukurasa mtupu. Niliporudi kwenye shajara ya Livingstone nikamwona mtu anayekimbia. Asubuhi hiyo Susi alikuja mbio, pumzi juu juu, akamwambia kuna Mwingereza anakuja, amemwona kwa macho yake. Kisha akageuka, akatimka tena kwenda kumlaki. Na huyo Mwingereza bendera iliyokuwa mbele ya msafara wake ni ya Marekani.

Nilipomsomea mpwa wangu wa darasa la nne hapo, alicheka kuhusu bendera. Halafu akauliza, "Shangazi, Susi ndiye nani?"

Nimeanza kitabu upya. Livingstone yumo, lakini anayekibeba ni Susi, mtumishi wake, pamoja na mwenzake Chuma.

26 Januari

Hawa wawili wana mambo. Susi alitoka Shupanga, kando ya mto Zambezi. Chuma alikuwa Myao, mtoto mdogo aliyeokolewa kwenye msafara wa watumwa mwaka 1861. Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873, wao na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, mwili wakautia chumvi wakaukausha juani siku 14. Wakaufunga kwa kitambaa na gome la mti, wakaubeba kwa miguu zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo. Walifika Februari 1874.

Njiani walipita Kwihara, nje kidogo ya Tabora. Hapo walikutana na Luteni Cameron, Mwingereza aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone, naye akawashauri wamzike pale pale. Walikataa. Hilo nimelipa ukurasa mzima, na mchoro.

Kisa wanachokipenda zaidi watoto ni cha Kasekera. Wenyeji wa huko hawakutaka maiti ipite kwao. Basi wasafiri wakajifanya wamekubali kurudi kuzika. Wakafunga mabua ya mtama ndani ya nguo yakawa na umbo la maiti, watu sita wakayabeba kurudi nyuma, na walipofika mbali wakayatawanya porini. Mwili wenyewe ulikuwa umeshafungwa upya kama robota la nguo za biashara, ukapita mchana kweupe. Jioni barazani nimewasomea mara tatu. Mara ya nne wameigiza, robota likiwa kanga zangu mbili.

Kesho yake mama mmoja wa jirani akaja dukani. "Dada, mwanangu umempa kitabu cha maiti?" Nikamwambia ndiyo, lakini maiti ya kweli. Hakucheka. Ila kitabu hakukirudisha, na jana katuma mtoto kuuliza ilikuwaje kule Uingereza watu wakasadiki kuwa ni Livingstone mwenyewe.

Swali zuri hilo, na jibu lake ni simba. Mwaka 1844, huko Mabotsa kusini mwa Afrika, simba alimrukia Livingstone akamvunja mfupa wa mkono wa kushoto. Aliyemnusuru ni Mebalwe, mwalimu Mwafrika aliyekuwa naye. Alielekeza bunduki kwa simba, simba akamwacha Livingstone akamgeukia yeye. Mfupa uliunga vibaya. Miaka 30 baadaye daktari wa London aliuangalia mkono ule ule, akautambua. Kisa hiki nilikuwa nimekitengea kitabu cha wanyama, nimekihamishia huku.

Mazishi yalikuwa 18 Aprili 1874, Westminster Abbey. Susi na Chuma walifika Uingereza yakiwa yamekwisha. Sikuongeza neno hapo. Mpwa wangu aliongeza, lakini siwezi kulichapa.

Februari, wiki ya mvua nyingi

Umeme unakuja na kuondoka, kwa hiyo nachapa usiku wa manane kama mwizi. Kitabu cha pili ni cha sokwe wa Gombe, hifadhi iliyo huku huku ziwani.

Michoro anafanya fundi anayeandika majina kwenye mitumbwi. Mkono wake ni mzuri, na bei tunaelewana. Ameleta sokwe kumi, wote wana mikia. Nikamwambia, "Kaka, sokwe hana mkia." Akanitazama kwa huruma. "Dada, mnyama wa porini asiye na mkia?" Tulibishana mpaka akaingia mtoto aliyetumwa kununua daftari, kwao ni Mwamgongo, mpakani kabisa na hifadhi. Akaangalia michoro, akasema, "Hawa nyani wamechorwa wanene." Fundi akachukua kifutio bila neno.

Kinachonifurahisha kwenye kitabu hiki ni kwamba kila sokwe ana jina na wasifu wake, kama mtu. David Greybeard ndiye mtafiti Jane Goodall alimwona, Novemba 1960, akichomeka jani la nyasi kwenye kichuguu na kuwavua mchwa. Watoto wamelijaribu jambo hilo kwenye kichuguu cha nyuma ya uwanja. Kumbe unatakiwa utulie, askari wa mchwa waling'ate jani, ndipo ulivute taratibu. Saa nzima wamepata mchwa watatu, na mmoja wao amemng'ata mpwa wangu kidole.

Halafu kuna Mike. Alikuwa wa chini kabisa kambini, anasukumwa na kila dume. Mwaka 1964 akagundua madebe matupu ya mafuta ya taa. Akawa anakimbia akiyasukuma mbele yake, yakigongana kwa kelele za kutisha, na madume makubwa yakampisha, hata Goliath aliyekuwa mkuu wao. Akachukua ukubwa bila kupigana vita ya maana. Ukurasa huu ukisomwa barazani lazima kuwe na debe. Nimeshaombwa na majirani niusome mchana.

Na Flo. Bibi mwenye pua nene na masikio yaliyochanika chanika, mama wa Faben, Figan, Fifi na Flint. Mpwa wangu ndiye aliyeng'amua kuwa wote wanaanza na F. Nilitaka niishie Flo akiwa bado na nguvu, wanawe wamemzunguka, nifunge kitabu. Siku mbili nimezunguka hapo. Flo alikufa mwaka 1972 kando ya kijito. Flint alikuwa na miaka minane na nusu, umri wa sokwe kujitegemea, lakini alikuwa hajawahi kumwacha mama. Alipanda mti akakitazama kiota walichokuwa wakilala. Akaacha kula. Wiki chache baadaye akafa, karibu na pale mama yake alipolala.

Nimeliacha libaki kitabuni. Nilipolisoma, baraza lilinyamaza, nikajuta. Kisha wakaanza maswali: mbona Fifi hakumchukua? Nikawaambia Fifi alikuwa na mtoto wake mdogo, Freud. Wakalipima hilo muda mrefu, wakagawanyika. Wasichana wawili bado wana hasira na Fifi.

1 Machi

Nakala 40 za sokwe zimetoka salama, zimebaki 11. Ukurasa wa mwisho niliuandika mwaka juzi ukisema Jane Goodall anazunguka dunia akihutubia. Nimeubadilisha: alifika Gombe 14 Julai 1960 akiwa na miaka 26, pamoja na mama yake na mpishi wao Dominic, na alifariki 1 Oktoba 2025 akiwa na miaka 91. Mistari miwili tu, imenichukua asubuhi nzima.

Cha tatu ndicho ninachokitamani zaidi. Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka Zaire, Kongo ya leo, wakateka wanafunzi wanne pale Gombe. Wote waliachiliwa baadaye, lakini kazi ya kuwafuata sokwe siku kwa siku ikabaki mikononi mwa Watanzania, wengi wao kutoka vijiji hivi hivi vya ziwani. Mmoja wa walioongoza ni Hilali Matama, aliyeanza kazi pale mwaka 1968. Waliyoyaona waliyaandika papo hapo msituni, kwa Kiswahili. Nilipolijua hilo niliacha kujisifu kwamba ninawatafsiria watoto hadithi za Gombe.

Shida ni ile ile. Madaftari yenyewe sinayo, kwa hiyo kwenye kitabu changu Hilali anatembea, anatazama, anaandika, na kimya. Fundi ameleta mchoro wa jalada jioni hii: mtu ameketi chini ya mti, daftari gotini, juu yake sokwe wawili bila mkia. Umependeza sana. Ila ndani ya daftari fundi amejaza maandishi yanayosomeka kabisa: "Leo nimemuona Mike."

Nimemwambia hatuwezi kumwandikia mtu daftari lake, afute aweke mistari ya wino tu, isisomeke. Ameuliza mistari mingapi.