Walijifunza Kupiga Kafi Kabla ya Mto Kufunguliwa

Tarehe 11 Julai 2025, vijana wa jamii za wenyeji asilia wa bonde la Klamath, nchini Marekani, walifika mahali ambapo mto wao unamwaga maji katika Bahari ya Pasifiki. Walikuwa wamepiga kafi kwa takriban mwezi mmoja, karibu kilomita 500, tangu kwenye vyanzo vya mto katika jimbo la Oregon hadi ufukwe wa California walikosubiriwa na jamaa zao. Wengi wao ni wa umri wa kwenda sekondari.

Umbali huo ni mkubwa, lakini si huo ulionifanya niandike. Mafunzo yao ya kuendesha kayaki yalianza mwaka 2022, wakati mabwawa manne ya umeme yalikuwa bado yamesimama katikati ya njia waliyokusudia kupita. Walikuwa wakijifunza kukabili mikondo ya mto ambao hakuna mtu aliye hai aliyewahi kuuona ukitiririka bila kuzuiwa, kwa kuwa bwawa la kwanza kati ya hayo manne lilikamilika mwaka 1918. Kwangu mimi, kijana anayejiandaa kwa ajili ya mto uliozibwa tangu kabla babu yake hajazaliwa amekwisha kufanya kazi ya utetezi, hata kama hajawahi kubeba bango.

Ili tuwape heshima inayowastahili, ni lazima tujue walirithi nini. Sehemu ya chini ya Klamath iliingizwa mwaka 1981 katika orodha ya mito ya asili inayolindwa na sheria ya Marekani ya mwaka 1968, lakini ulinzi huo ulianzia chini ya bwawa la Iron Gate, la chini kabisa kati ya yale manne, ambalo halikuwa na njia yoyote ya kupitisha samaki. Samoni huzaliwa mtoni, hukulia baharini, kisha hurudi mtoni kutaga mayai. Hapo ukutani safari yao ilikoma. Juu ya ukuta, maji yaliyotuama yalipata joto na kuotesha mwani wenye sumu. Mnamo Septemba 2002, maji yalipopungua na kupata joto kupita kiasi, magonjwa yaliwaua samaki wapatao 34,000, wengi wao samoni, katika sehemu ya chini ya mto. Kwa Wayurok na Wakaruk, wenyeji asilia wa bonde hilo, ambao chakula chao na ibada zao vimefungamana na samaki huyo, ule ulikuwa msiba wa jamii nzima. Wengi wa vijana hawa walikuwa hawajazaliwa, nao walikua wakisimuliwa harufu ya kingo zile na watu waliozishuhudia.

Sisemi kwamba vijana ndio walioyabomoa mabwawa. Wazee wao walihudhuria mikutano, wakaandamana na kujadiliana kwa takriban miaka 20, hadi kibali cha serikali kilipopatikana Novemba 2022. Bwawa dogo liliondolewa mwaka 2023 na matatu yaliyobaki mwaka 2024. Oktoba mwaka huohuo, wiki chache tu baada ya kazi kukamilika, samoni walionekana Oregon, juu ya mahali palipokuwa na kuta. Nilipoisoma habari hiyo nililia, na sioni haya kulikiri.

Hata hivyo, vijana hawakupita maji matupu mwanzo hadi mwisho. Katika sehemu ya juu bado yapo mabwawa mawili, Keno na Link River, ambayo hayakuwa sehemu ya mpango wa ubomoaji, na mashamba ya bonde hilo yanaendelea kugombania maji yaleyale wanayoyahitaji samaki. Ningependa kuwaona vijana hawa wakiketi kwenye meza ambapo kiasi cha maji ya kubaki mtoni kinaamuliwa, wakiwa na sauti yenye uzito, kwa sababu wanaujua kila mpindo wa mto huo. Kwenye kuta za Keno na Link River walilazimika kushuka, wakazitoa kayaki majini na kuzizungusha kwa nchi kavu, kisha wakaingia tena mtoni upande wa pili.