Udi umevimba, na mimi nimerudi jumla

Assalamu alaykum jamani. Wengi mmenitumia meseji mnauliza eti nimekuja likizo au vipi. Nimerudi jumla, baada ya miaka tisa ya kupiga taarab Ulaya. Sa hivi natimiza mwezi wa pili niko Unguja, kwa mama, mtaa wa Ng'ambo, chumba kile kile cha nyuma, na nilishaahidi ntaandika ila kila nikikaa anaingia mtu, shikamoo, marahaba, chai, habari za Ulaya, na habari za Ulaya haziishi kwa kikombe kimoja.

Basi nianze na udi, hiki chombo changu cha nyuzi, maana ndo ulonikalisha chini.

Siku ya tatu toka nifike mama akasema hebu nipigie kidogo, miaka mingi nakusikia kwenye simu tu. Nikafungua kesi ya udi. Kigingi cha kwanza cha kukazia nyuzi hakizunguki. Cha pili hakizunguki. Nikakamata kwa kitambaa, nikauma meno, wapi. Vyote kumi na moja vimeng'ang'ania kama vimepigwa misumari, alafu uso wa udi umetoka tumbo, nyuzi zimekwenda juu mpaka kuzibonyeza vidole vinauma. Nikatoa kile kidude changu cha kupimia unyevu wa hewa nikakiweka juu ya kabati, kikapanda taratiiibu mpaka asilimia 81. Mama ananitazama tu. Akasema, "Na wewe umevimba hivo hivo, hukujiona."

Kwa asiyejua, ubao unakunywa maji ya hewani. Huku kwetu unakunywa mwaka mzima. Kule winta hewa ya nje ni ya baridi kali haibebi maji ya maana, alafu wao wanaiingiza ndani wanaipasha moto na mahita, inakuwa kavu kushinda makumbi ya nazi. Kwenye kumbi nlizokuwa napiga muziki, kidude kilikuwa kinasoma 22, 25, ikizidi sana 30. Ubao unasinyaa, vigingi vinateleza, unatuni vizuri wimbo haujafika ubeti wa pili nyuzi zishashuka. Sa hivi ni kinyume chake, na mi miaka yote nlikuwa najua kupambana na ukavu tu, unyevu nshausahau.

Winta yangu ya kwanza Hamburg, Ujerumani, saa nane za usiku nasikia TAK! Nikadhani mwizi kavunja dirisha. Nikawasha taa, hakuna mtu. Asubuhi nafungua kesi naona ufa umetoka kwenye tundu umeshuka mpaka karibu na daraja la nyuzi, unaingiza ukucha. Nilikaa kitandani nikalia, sisemi uongo. Nikapelekwa kwa mzee mmoja anatengeneza fidla, akaingiza kioo kidogo kama cha daktari wa meno ndani ya tundu, akatazama, akatikisa kichwa. Akaniuliza kwenu hewa ikoje. Nikamwambia kwetu chumvi haitoki kwenye kichupa mpaka utie punje za mchele. Akacheka sana, alafu akaacha kucheka akaniambia basi udi huu wako ni samaki, umemtoa majini. Alibandika vibao vidogo kwa ndani kushikilia ufa, akanifundisha kuweka sponji lenye maji kwenye kisahani cha sabuni chenye matundu ndani ya kesi. Pesa alizonitoza ndo zilikuwa posho yangu ya wiki mbili, ila ufa ule haujafunguka tena mpaka leo.

Watu wananiuliza kwa nini tulikuwa tunapiga winta, si bora kiangazi. Kiangazi ni matamasha ya nje, majina makubwa, sisi bendi ya watu watano tunaopiga taarab ya zamani nani atatuweka. Ikifika Oktoba ndo watu wanarudi ndani, kumbi ndogo zinafunguliwa, makanisa, mashule, nyumba za utamaduni, sa hapo ndo simu zinaita. Kwa hivyo mi Ulaya naijua kwa giza. Disemba Hamburg jua linatoka kwenye saa mbili na nusu asubuhi na saa kumi jioni lishazama, na katikati hapo hulioni, kuna mawingu tu. Tunaingia kwenye vani giza, tunafika giza, tunapiga, tunatoka giza. Miaka miwili ya mwanzo nlikuwa nakwenda kwa viza ya siku 90 ndani ya siku 180, nikirudi kila mara, baadae ndo nikapata karatasi za kukaa.

Sheria ya kwanza ya vani, chombo hakilali garini. Hata ukichoka vipi, hata kama hoteli ni ghorofa ya nne hakuna lifti. Sheria ya pili ilikuwa inatugombanisha na mapromota kila siku. Ukitoka nje digrii 15 chini ya sifuri ukaingia ukumbini kwenye joto usifungue kesi, iache saa nzima, ikiwezekana mbili, maana ukifungua tu ubao ule wa baridi unatoka jasho kama chupa ya soda ilotoka kwenye friji. Na promota anataka saundi cheki sasa hivi. Kuna mmoja alidhani tunaringa. Nlimwambia bwana, mi naringa kidogo lakini udi hauringi.

Vidole navyo. Ngozi ya ncha inakauka inapasuka, na udi ndo kazi ya ncha za vidole. Mama alinipa chupa ya mafuta ya nazi aliyokamua mwenyewe, nikaitoa kwenye begi nikakuta imeganda nyeupe kama mshumaa. Nlimpigia simu nikamwonesha, akashtuka akasema kimeharibika hicho kitupe. Nikawa kila usiku naiweka juu ya hita kwanza ndo nijipake, chumba kizima kinanuka nyumbani, mwenzangu wa chumba Mjerumani akawa anauliza nani anapika keki.

Ila wa kuchekesha zaidi alikuwa mpiga dumbak wetu, ile ngoma ndogo. Huku mnajua, ngoma ikilegea kwa unyevu unawasha gazeti au unaisogeza motoni ngozi ikaze. Kule ngozi imekaza yenyewe kwa ukavu, inalia ti ti ti kama kopo, ikawa yeye kabla ya shoo anapitisha kitambaa cha maji juu ya ngozi ailegeze. Mtu kazaliwa Makunduchi anarowesha ngoma! Alikuwa anafanya kwa siri kama anaiba, anasema babu yake akimuona atafufuka.

Mwaka mmoja tukapelekwa mpaka Jokkmokk, kaskazini ya Sweden, juu ya mstari wa Aktiki. Kuna gulio la Wasami, wenyeji wa asili wa kule, kila mwaka wiki ya mwanzo ya Februari, limeanza mwaka 1605. Mi nlipoambiwa nikapiga hesabu, sisi tunajivunia klabu ya taarab ya Ikhwani Safaa ya 1905, kumbe hawa gulio lao limeitangulia miaka 300 kamili. Siku ile ilikuwa digrii 31 chini ya sifuri. Vinyweleo vya puani vinaganda, unavuta pumzi unasikia kama una miba. Watu wanapita na wale wanyama wao mfano wa paa wakubwa wenye pembe kama matawi, wanauza ngozi, visu, nyama kavu, wanapiga soga kama wako sokoni Darajani. Tulipiga ndani alhamdulillah. Baada ya shoo mzee mmoja wa Kisami akaja, akaomba aishike dumbak, akaigonga, akaweka sikio. Kwa mkalimani akasema kwao ngoma ya zamani ilikuwa inaoteshwa moto kwanza ndo ipigwe. Mpiga dumbak wetu aliposikia hivo alimkumbatia mzee wa watu mpaka kofia ikaanguka. Kisha akamwambia na sisi, na sisi! Wakakaa hao kwenye kona nusu saa hawana lugha hata moja ya pamoja.

Sa tuje kwenye kimya. Hichi ndo kitu nlichokuwa nakilalamikia miaka yote na mkinisikiliza zamani mtakumbuka. Shoo yangu ya kwanza ilikuwa Bremen, watu kama mia mbili, wametundika makoti, wamekaa, hakuna anayekohoa. Tumepiga wimbo dakika kumi na mbili, huku kwetu ungekuta kina mama na mashoga zao wameshapanda mara tatu kutunza pesa, mwengine anamwimbia mwenzake ubeti usoni, kule hakuna hata kichwa kinachotikisika. Nikasema leo tumeharibu. Wimbo ukaisha wakapiga makofi mpaka nikaona haya, wakasimama, wakaturudisha stejini mara mbili. Kumbe walikuwa wanapenda muda wote, ila wanapendea kwa ndani. Nlikuwa nawasema sana, eti wanasikiliza kama wako msibani. Na kwenye makanisa ya mawe ndo usiseme, mwangwi unakaa hewani unakusubiri, kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa, ikipiga haraka noti zinapandiana zinakuwa uji, tukajifunza kupiga polepole, kuacha nafasi, kusubiri sauti ifike ukutani irudi. Na baridi ya humo ndani! Nimeshapiga bashraf, ule muziki usio na maneno, na koti na soksi mbili.

Jumapili moja ya mapumziko nikaenda Ohlsdorf, makaburi ya Hamburg, makubwa mpaka mabasi yanapita ndani, kulizuru kaburi la Sayyida Salme binti Said. Kulikuwa na theluji, nikaipangusa kwa glavu nisome. Binti wa Sultani, kazaliwa 1844, kaondoka Unguja 1866, kaolewa Aden na Mjerumani wake, wakaja Hamburg, na 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu akaachwa na watoto wadogo watatu. Hakuwa na mtu wa kumpigia simu amwambie mafuta yameganda. Mwaka 1885 akarudi Unguja na meli za Kijerumani, kaka yake Sayyid Barghash hakutaka hata kumuona. Kafa Ujerumani 1924. Nilimsomea Fatiha, najua alibadili dini, mwenye kuhukumu si mimi. Nikasimama pale mpaka miguu ikafa ganzi, na kwenye basi nikaanza kuhesabu nimebakiwa na winta ngapi mwilini. Nikapata mbili. Kweli zikawa mbili.

Sa nimerudi. Klabu ya taarab nimekuta kiti changu, kile cha kushoto kwa kanuni, kimekaliwa. Amekaa binti niliyekuwa namfundisha kabla sijaondoka, alikuwa na miaka 12 risha ya kupigia nyuzi inamponyoka, sa hivi ana 21 na anapiga taksimu, vile vipande vya kubuni papo hapo, mpaka unamezea mate. Kaniona akasimama, "Shikamoo mwalimu, nihame?" Nikamwambia kaa mwanangu. Kwa mdomo. Moyoni mjue wenyewe. Nikapewa kiti nyuma, karibu na fidla, na udi wa klabu maana wangu bado umevimba, fundi ananiambia niuache ukae, usiulazimishe, utashuka wenyewe ukishazoea.

Harusi ya kwanza tuliyopiga ilikuwa Ijumaa ilopita. Watu wamejaa, feni mbili, joto la kaskazi linaishia ishia, watoto wanapita chini ya maiki, kina mama mstari wa mbele wanapiga stori kwa sauti, mmoja anaongea na simu kabisa, videokol, anamwonesha mtu wa Muscat biharusi. Tumeanza dibaji, kimyakimya, naingia mimi na kipande changu. Na wanaongea. Nikajikuta nimenyanyua kichwa nawatazama, jicho baya lile, jicho la mwalimu, na mkono umesimama. Ntakwambia ukweli, nlikuwa nawasubiri wanyamaze. Mimi! Nlosema miaka tisa wazungu wako msibani.

Bi mkubwa wetu mwimbaji akageuka na maiki akaishusha, akaniambia taratibu, "Baba, hapa si kanisani. Piga."

Wenzangu walicheka mpaka mpiga besi akapoteza. Yule binti wa kiti changu hakucheka, alinipa sauti tu, akapiga ule mstari ili niingie. Nikaingia. Haraka mno kwanza, kisha polepole mno, bado nlikuwa nausubiri mwangwi na hapa hakuna ukuta, pana turubai tu na sauti inakwenda zake mpaka barabarani. Barabarani kwenyewe namuona mtoto wa mjomba kasimamisha boda yake anatazama harusi kwa dirisha, kavaa koti langu la Jokkmokk, kafunga zipu mpaka kidevuni. Nlimpa wiki ya kwanza. Nlimuuliza na joto hili? Akasema kaka, upepo wa boda unaingia kifuani, hujui wewe.

Ubeti wa tatu yule mama wa videokol akanyanyuka. Simu bado iko mkono wa kushoto, mtu wa Muscat bado yuko hewani, mkono wa kulia kashika noti ya elfu mbili juu, anakuja anacheza kidogo kidogo, anamtazama mtu fulani upande wa pili wa ukumbi kwa jicho ambalo ule ubeti ulikuwa ni wake. Akamtunza bi mkubwa. Akatunza kanuni. Akafika kwangu nyuma kule, mikono yangu imeshika kazi, akaibandika noti moja kwa moja kwenye uso wa udi, na kwa jasho lilivyokuwa ikaganda pale pale chini ya nyuzi. Kila nikipiga uzi wa chini inatetema, zzzz, zzzz, inaharibu noti yangu yote. Nikaiacha mpaka wimbo ukaisha.