Humpa Mpenzi Wake Usingizi: Tafakari ya Wiki, Zaburi 127:1–3

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Zaburi ya 127 ni fupi, ina aya tano tu, na wengi wetu tunaijua vipande vipande. Aya ya kwanza tunaisoma tunapoweka nyumba wakfu: "Bwana asipoijenga nyumba, waijengao wafanya kazi bure." Aya ya tatu tunaisoma siku ya shukrani ya mtoto, mama kavaa kitenge kipya, baba kashika bahasha ya sadaka: "Tazama, wana ndio urithi wa Bwana, uzao wa tumbo ni thawabu." Katikati yake ipo aya ambayo sijawahi kuisikia ikisomwa kwenye sherehe yoyote: "Kazi yenu ni bure, mnaoamka mapema, na kukawia kwenda kulala, na kula chakula cha taabu, yeye humpa mpenzi wake usingizi."

Nyumba, usingizi, tumbo la uzazi. Aya hizi zimefuatana, na wiki hii naomba tuzisome hivyo hivyo zilivyofuatana, kwa ajili ya dada zetu wenye mimba za hatari ambao daktari amewaambia waache kazi za nyumbani.

Tunaye mmoja katika jumuiya yetu huku Tabata. Jina silitaji, na amenikubalia niandike. Hii ni mimba yake ya tatu, na watoto wawili wa mwanzo wote walizaliwa kwa upasuaji. Wiki ya 29 alitoka damu, nyekundu kabisa, bila maumivu yoyote. Ultrasaundi ikaonyesha kondo la nyuma limekaa chini na kufunika mlango wa kizazi. Akalazwa, damu ikakata, akaruhusiwa kurudi nyumbani kwa masharti: asinyanyue kitu kizito, asifue, asipige deki, asikutane kimwili na mumewe, asisafiri mbali na hospitali, na akiona damu tena, hata kidogo, asisubiri kupambazuke.

Kwa hiyo nyumba sasa anaiendesha akiwa kwenye godoro sebuleni, karibu na mlango wa bafu. Kwa masikio anajua kila kitu. Anajua maharage yamekauka maji kabla harufu haijatoka, kwa namna sufuria inavyobadilisha mlio. Anajua binti yake wa darasa la pili amepima mchele vikombe vitatu badala ya vinne. Anajua dumu gani limejaa na lipi bado, maana maji yanavyopanda sauti yake hupanda nayo. Anaelekeza kwa sauti ya chini, mtoto anakwenda na kurudi, na chakula kinaiva.

Nilipokwenda kumwona alinionyesha feni ya dari. Kwenye mapanga yake kulikuwa na vumbi jeusi, zito, limeshikana kama sufi. "Mama, miaka yote napita chini yake sijaliona. Sasa naliangalia kutwa, na siruhusiwi kupanda hata kwenye stuli." Akalia. Siku ile ya damu hakulia, alikuwa anatoa maelekezo ya funguo na sare za shule. Vumbi la feni ndilo lililomtoa machozi.

Nimelitafakari sana lile chozi, na naamini mwanamke yeyote aliyelelewa kama tulivyolelewa sisi atalielewa. Tumefundishwa kwamba heshima ya mke inaonekana kwenye sakafu yake. Tunaamka saa kumi na moja alfajiri ili watoto wawahi basi la shule kabla ya foleni. Maji yakitoka usiku wa manane tunaamka kujaza ndoo, na ndoo ya lita 20 ni kilo 20 mkononi, mara ngapi kwa siku, sijui nani amewahi kuhesabu. Halafu siku moja mtu anakuambia usiiguse hiyo ndoo, na unajikuta unajiuliza: kama sifui, sipiki, sipigi deki, mimi ni nani katika nyumba hii?

Kwa swali hilo ndipo aya ya pili inapofanya kazi yake. Zaburi hii imeandikwa kuwa ni ya Sulemani, na Sulemani si mtu wa kusifia uvivu. Ndiye aliyemwambia mvivu amwendee chungu akajifunze. Anachokikataa hapa ni ule wasiwasi wa mtu anayeamini kwamba akilala, nyumba itaanguka. Anasema nyumba ilikuwa inashikiliwa na Bwana hata zile siku ulipokuwa unaamka alfajiri na kudhani unaishikilia wewe. Kwa mwanamke mwenye nguvu zake hili ni fundisho. Kwa mwanamke aliyelala kwenye godoro sebuleni ni chakula na dawa.

Na dada yangu, kulala kwako ni kazi. Mtoto wa wiki ya 29 akizaliwa, mapafu yake hayajakomaa, hawezi kunyonya vizuri mwenyewe, joto lake linategemea kifua cha mama au mashine. Mtoto wa wiki ya 36 yuko mahali pengine kabisa. Kila siku unayoipitisha bila kunyanyua ndoo, kuna kitu kinajengwa ndani yako ambacho fundi yeyote wa Dar es Salaam hawezi kukijenga. Hata yule mke mwema wa Mithali 31 tunayehubiriwa kila sikukuu ya akina mama, soma aya ya 15 taratibu: huwapa watu wa nyumbani mwake chakula, na wajakazi wake sehemu zao. Alikuwa na wajakazi! Hakuibeba nyumba peke yake, na hakuna mahali alipolaumiwa kwa hilo.

Biblia ina mwanamke mwingine ambaye leo kliniki ingemwandika moja kwa moja kwenye orodha ya mimba za hatari: Elisabeti, tasa, tena mzee sana. Luka anasema alipochukua mimba akatawa miezi mitano, na ndani ya kutawa huko akasema Bwana ndiye aliyemtendea hivi. Hakwenda kutoa ushuhuda siku ya pili. Alikaa ndani. Na katika mwezi wa sita akaja Mariamu, akakaa naye kadiri ya miezi mitatu. Maandiko hayasemi Mariamu alifanya kazi gani mle ndani, lakini binti mwenye afya aliyekaa miezi mitatu kwa ndugu yake mzee mwenye mimba, mimi siamini kwamba aliketi tu akiimba. Inanigusa pia kwamba habari hii tunaipata kwa Luka peke yake, ambaye Paulo anamwita tabibu mpendwa.

Nalitaja hilo la utabibu kwa makusudi, kwa sababu katika makanisa yetu bado kuna wanaomwambia mjamzito kwamba kumeza vidonge vya presha ni kupungukiwa imani. Wapendwa, tuache. Presha ikifika 140/90 mama anahitaji kuangaliwa na wataalamu, na mkojo wake upimwe protini. Akilalamika kichwa kinamuuma sana, anaona nyotanyota au giza, ana maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, uso na mikono imevimba, au mtoto amepunguza kucheza, maombi yafanyike ndani ya gari likielekea hospitali. Na akianguka akakakamaa na kutetemeka, hicho ni kifafa cha mimba. Tusikusanyike kukemea pepo huku dakika zinakwenda. Mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, usimtie kitu mdomoni, apelekwe haraka. Hospitali wanayo dawa ya magnesiamu salfeti ya kuzuia kisirudi. Namba ya m-mama, 115, hupigwa bure kwa dharura ya mjamzito. Iandikeni nyuma ya mlango.

Wala tusimtake mama wa namna hii afunge au akeshe nasi. Sisi tuliobaki tufunge kwa niaba yake.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000 hapa Tanzania. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Nikisoma namba hizo nawaona wakunga, madaktari, madereva, watu waliochangia damu, na nasema Mungu amekuwa akijibu maombi ya mama zetu kwa kupitia mikono hiyo. Mia na nne bado ni wengi. Kila mmoja ana jina na ana watoto.

Niseme na kuhusu pumziko lenyewe, maana tunapenda sana kugawa masharti. Si kila mimba ya hatari inamtaka mama alale kutwa nzima. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kulala kitandani muda wote kwa wenye presha ya mimba, na kukaa bila kujongea kunaongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Muulize daktari wako: nitembee kiasi gani, nifanye nini, niache nini? Kadi yako ina historia yako. Ya jirani ina ya jirani.

Baba wa nyumba ile ninayoisimulia anapika uji alfajiri na kupiga pasi sare za shule kabla ya kwenda kazini. Wapo mtaani waliosema kalishwa limbwata. Yesu alijifunga kitambaa kiunoni, akamimina maji katika bakuli na kuwatawadha wanafunzi miguu, usiku ule ule ambao Yeye mwenyewe alikuwa anakwenda kuteswa. Baba, endelea. Watoto wako wanakuona, na hilo ni somo la dini ambalo hawatalisahau.

Sasa nifike mahali pagumu. Wanaosoma hapa wapo waliopumzika kama walivyoambiwa, wakameza dawa zote, wakaomba, jumuiya ikaomba, na wakarudi nyumbani mikono mitupu. Kwao aya ya tatu inachoma. Mama, kama uzao wa tumbo ni thawabu, je, mimi nilikosa nini? Nimeulizwa hivyo uso kwa uso, na sikuwa na haraka ya kujibu. Ninachokijua ni hiki. Thawabu katika zaburi hii inaitwa pia urithi, na urithi hautokani na jasho la anayeupokea. Haupimwi kwa imani yake wala kwa bidii yake. Basi ambaye hakuupokea hajahukumiwa.

Na ninamkumbuka Raheli. Walikuwa njiani, bado kitambo wafike Efrathi, uchungu ukamshika na ukawa mzito. Mkunga alikuwepo, akamwambia usiogope. Mtoto akapona, mama akafa. Yakobo akasimamisha nguzo juu ya kaburi lake, na ndani ya Maandiko yote sijaona mtu aliyeuliza kama Raheli alikuwa na imani ya kutosha. Tusiliulize swali hilo kwa mtu yeyote wa jumuiya yetu, wala kwa macho, wala kwa kunong'ona wakati wa kutoka ibadani. Tukienda kwao, twende tukae. Tuwataje watoto wao kwa majina kama waliwapa majina.

Ee Bwana, unayewaongoza polepole wanyonyeshao, mlinde dada yetu na mtoto aliye tumboni mwake. Lifunge kila chanzo cha damu. Wape madaktari wake macho ya kuona na mikono isiyotetemeka. Mpe usingizi usio na hatia ndani yake. Wafariji waliokulilia na bado wanalia. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.

Kwa wiki hii, kina mama wa jumuiya tumegawana hivi. Jumatatu na Alhamisi kufua, na tunaomba mtu wa kuja na ndoo zake kwa sababu za pale hazitoshi. Chakula cha mchana kipelekwe kikiwa tayari, chumvi kidogo, na vyombo vioshwe kabla ya kuondoka. Mgeni asikubali kuletewa soda na mwenye nyumba. Akitaka kuinuka, mzuieni. Kijana mrefu mmoja aje na stuli na kitambaa chenye maji akafute ile feni. Wenye magari wawili wamejitolea kulala na simu zikiwa wazi, kwa kuwa usiku kutoka Tabata hadi Hospitali ya Amana ni mwendo mfupi, lakini mchana foleni ya Buguruni mnaijua. Tunahitaji mwenye gari wa tatu kwa saa za mchana. Tena hospitali imetuambia siku ya upasuaji damu iwe tayari. Anayechangia awe na miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50. Mwanaume anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke miezi minne. Tunaondoka kanisani Jumamosi saa tatu asubuhi. Njooni mmekula na mmekunywa maji ya kutosha.