Mama kwenye maporomoko ya Sabbaday

Mwaka 2018 mama alikuja Lowell, Massachusetts, kunitembelea. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka nje ya Tanzania. Nilihangaikia safari yake mapema ili afike kabla ya Oktoba, kwa sababu nilitaka aione Milima ya White ya New Hampshire majani yanapogeuka rangi. Picha zangu za huko nilikuwa nikimtumia kwa simu, na jibu lake halikubadilika: “Nzuri, baba. Rangi umezitia mwenyewe?”

Siku tuliyopanga kwenda, kukawa na manyunyu tangu alfajiri. Mama akachungulia dirishani akasema tuahirishe, maana mlima na mvua havichezewi. Anajua anachosema, amezaliwa Lushoto, na amepita barabara ya Mombo nyakati za masika. Nikamwambia, “Mama, mvua hii ndiyo niliyokuwa naiomba.” Jua likiwa kali, maji ya maporomoko hung'aa mno na vivuli chini ya miti huwa vyeusi tii, na kamera haivimudu vyote viwili kwa pamoja. Wingu hutandaza mwanga kote kwa usawa, na jani lililolowa rangi yake hukolea. Akajifunga kanga kichwani juu ya koti, tukaondoka.

Tulifika Lincoln baada ya mwendo wa saa mbili hivi, nikajaza tangi. Kutoka hapo hadi Conway ni barabara ya Kancamagus, kilomita 55 au zaidi kidogo, na njiani hakuna kituo cha mafuta hata kimoja. Imepewa jina la chifu wa karne ya 17 wa Wapennacook, wenyeji wa asili wa eneo hilo. Inapanda hadi mita 870 hivi kisha inashuka ikifuatana na Mto Swift. Kona hazikumshtua mama. Kilichomnyamazisha ni msitu wenyewe: mlima mzima mwekundu, wa njano na wa machungwa, ukungu umelala mabondeni, na hapa na pale miti ya jamii ya msonobari imebaki na kijani chake. Misitu ya Usambara ni ya kijani mwaka mzima. Baada ya kimya kirefu akauliza, “Miti yote hii inaumwa?”

Nikamweleza kama nilivyojifunza. Siku zikifupika na baridi ikianza, mti huacha kutengeneza klorofili, ile inayolipa jani ukijani wake, na iliyopo huvunjwavunjwa. Rangi ya njano ilikuwemo humo ndani muda wote, imefunikwa tu. “Na hii nyekundu nayo ilikuwa imejificha?” akauliza. Hapo nilifurahi, kwa sababu ndilo swali lenyewe. Nyekundu haikuwepo, miti kama mepo huitengeneza wakati huo huo wa mwisho, kwa sukari iliyobaki ndani ya jani. Mchana wa jua ukifuatwa na usiku wa baridi isiyofikia kuganda, wekundu huzidi.

Tulipoegesha gari Sabbaday, mama aliinama akaokota jani la mepo. Mimi ningelitazama usoni, kwenye rangi. Yeye alilipindua akaanza na kikonyo. Akakipitisha kidole mwishoni, mahali kiliposhikana na tawi: pamevimba kidogo, pakavu, laini, hapana uzi wala utomvu. “Hili halikuchanika,” akasema. “Mti wenyewe umelikata na kidonda umekifunga kwanza.” Ni kweli kabisa. Mti hujenga tabaka la seli chini ya kikonyo, ukaziba njia ya maji, kisha jani likaachia. Mimi nilikuwa nimeyasoma hayo. Mama aliyaona kwa kidole chake, kwa macho ya mtu aliyelima na kupogoa maisha yake yote.

Kutoka maegeshoni hadi kwenye maporomoko ni mwendo mfupi, na kuna ngazi za mbao zenye kizuizi pembeni. Maji hushuka kwa hatua, yakajipinda ghafla na kuingia kwenye ufa mwembamba wa mwamba, kisha yakatulia chini kwenye kidimbwi cha kijani. Mama alisema maporomoko ya Soni, ya kwao Lushoto, ni makubwa zaidi, ila haya yamepangwa vizuri.

Nikasimika kamera kwenye miguu yake mitatu, nikafunga filta ya polaraiza mbele ya lenzi, nikamwita achungulie kioo cha nyuma wakati naizungusha. Ule weupe unaometa juu ya mawe yaliyolowa ukafutika, mawe yakaonekana rangi yake, na majani yaliyobanwa kati ya mawe yakawaka. “Irudishe,” akasema. Nikairudisha, weupe ukarejea. “Haya, zungusha tena.” Tulicheza na filta hiyo kwa muda mrefu, na tangu siku hiyo hakuuliza tena kama natia rangi.

Halafu nikamwomba asimame kwenye kizuizi, maporomoko yakiwa nyuma yake. Nilitaka shata, kile kilango cha kamera kinachopitisha mwanga, ikae wazi nusu sekunde. Kwa muda huo maji hubaki na nyuzi zake, unaona yanavyoteleza. Ukiacha sekunde nyingi yanakuwa maziwa matupu, na mimi hilo silipendi. Lakini nusu sekunde kwa mtu ni ndefu. Wengi niliowapiga hivyo hutikisika wakatoka na nyuso mbili. Nikamwambia, “Mama, tulia kidogo.” Akanijibu kwamba alifunzwa kutulia kabla sijazaliwa, studio ya Korogwe, zama ambazo filamu ilikuwa ghali na mpiga picha akikupiga mara moja tu. Akashusha mabega, mikono akaikutanisha mbele, akaniangalia. Nikabonyeza kwa rimoti.

Nilipoikuza kwenye kioo, maji yalikuwa yanakwenda na mama amesimama imara kabisa. Matone ya mvua kwenye pindo la kanga yanahesabika.

Yeye hakuridhika. Nilikuwa nimempiga hadi kiunoni ili maji yapate nafasi. “Baba, miguu yangu iko wapi? Nyumbani wataniuliza kama nilikuwa na viatu.” Ikabidi nishuke ngazi, nibadilishe lenzi nipate pana zaidi. Huko chini ndiko nikaona kilichokuwa nje ya fremu muda wote: mbao zilizolowa zikiwa zimejaa majani mekundu na ya njano, na katikati yake viatu vyeusi vya mama, vimepangwa sambamba. Akatulia tena, nikapiga tena. Katika picha zote nilizopiga milimani, hii ndiyo niipendayo kuliko zote.

Jioni, Conway, nilitaka twende tukale. Mama akasema chakula hakikimbii, kwanza tutafute mahali wanaposafisha picha. Tukapata duka lenye mashine. Akasimama kando yangu akitaja majina ya watu mmoja mmoja, mdogo wake wa Bumbuli, wifi zake, jirani anayemwangalizia ng'ombe, na kwa kila jina nikaongeza nakala, zote za ile yenye miguu.