Nilivyogeuza stoo ya mahindi kuwa chumba cha mazoezi ya muziki hapa Dodoma

Kama unataka kuzuia sauti, achana kwanza na trei za mayai. Naanza na hilo mana kila aliyepita pale nyumbani Nkuhungu tukiwa tunajenga alinishauri nibandike trei, na najua kuna vijana wengi huko wanazikusanya hadi leo. Trei na sponji zinapunguza mwangwi wa ndani tu, sauti yenyewe inapita kama kawaida inaenda kumkuta jirani kitandani. Kinachozuia sauti ni uzito na kuziba njia za hewa, hayo mawili ndo msingi, na uzuri ni kwamba vitu vizito Dodoma tunavyo, tofali za kuchoma zipo na mchanga upo.

Banda lenyewe lilikuwa stoo ya mahindi ya wazazi, mita 4 kwa 3, ukuta wa tofali za kuchoma bila plasta, juu bati. Sisi ni kikundi cha vijana, tunapiga drams na gitaa la besi tukichanganya na zeze na ilimba za Kigogo (ilimba ni kile kinanda cha vyuma kinachopigwa kwa vidole gumba), na jirani yetu mmoja ana mtoto mchanga, mwingine ni mlinzi anaingia kazini usiku analala mchana. Watu wanajua NEMC, baraza la taifa la mazingira, wanashughulikia kelele na kanuni zipo tangu 2015, lakini kwa kweli mimi sikusukumwa na kanuni. Mama yule mwenye mtoto mchanga amenilea, siwezi kumkosesha mwanae usingizi kisa mazoezi.

Sasa kuhusu ukuta. Ukiongeza uzito wa ukuta mara mbili unapunguza kama desibeli 6 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na sikio la mtu linataka kama 10 ndo lione sauti imeshuka nusu. Kwahiyo kuunenepesha ukuta uleule ni kumwaga hela. Dawa yake ni kujenga chumba ndani ya chumba, yaani ukuta wa pili wa tofali ndani ya ule wa zamani ukiacha nafasi katikati, sisi tuliacha kama sentimita 7, na kuta mbili zisigusane popote. Hapo kwenye kutogusana ndo pa kusimamia mwenyewe, mana fundi akipanga tofali udongo unadondokea kwenye ile nafasi, ukikauka unakuwa daraja na sauti inavuka juu yake. Tulichofanya, tulilaza ubao mwembamba ndani ya nafasi, umefungwa kamba huku na huku, fundi akimaliza mistari miwili mitatu ya tofali tunauvuta juu na udongo wote uliodondoka, tunaufuta, tunaurudisha. Fundi mwanzoni aliona namchelewesha, baadae yeye ndo akawa anakumbusha "kaka vuta ubao". Kuta zote tukapiga plasta, na plasta sio urembo hapa, tofali za kuchoma zina vitundu na viungo vyake vinavujisha.

Juu ndo palikuwa na kazi. Bati la geji 30 halifiki hata kilo 3 kwa mita ya mraba, wakati ukuta wa tofali unapita kilo 150, kwahiyo ukiacha bati peke yake umejenga ndoo isiyo na mfuniko. Mimi nilitamani udongo kama wa tembe za wazee wetu, mana tembe ina paa la miti na udongo juu, ndani panakuwa baridi na patulivu. Fundi akanipigia hesabu: mchanga wa sentimita 5 ni kama kilo 80 kila mita ya mraba, chumba kizima inakaribia tani nzima juu ya vichwa vya watu, kwa mbao tulizokuwa nazo haiwezekani. Tukakubaliana mbao za mbili kwa sita zikalie ukuta wa ndani peke yake, zisiguse kenchi za bati kabisa, chini yake plaiwudi halafu jipsam bodi tabaka mbili, viungo vya tabaka la kwanza visikutane na vya la pili, na kila ufa silikoni. Na mbao zote pakeni dawa ya mchwa kabla hazijapanda, mchwa wa huku hawana huruma.

Mlango ni mninga mzito, raba imezunguka fremu yote. Kupima kama umeziba vizuri kuna njia rahisi sana, subiri usiku, washa taa kali ndani, funga, zunguka nje taratibu. Palipopita mwanga sauti inapita. Sisi tuliona mstari mwembamba chini ya mlango, mwembamba kweli, ila kiupenyo kidogo hivyo kinatosha kuharibu kazi ya ukuta mzima, tukaweka kizingiti cha mbao na raba nyingine hapohapo.

Ukishaziba hivyo umeziba na pumzi, na Dodoma ya Oktoba na Novemba nyuzi 30 na kitu, watu watano ndani na ampulifaya zinatoa joto, mtu atazimia. Usitoboe tundu la wazi. Tulitengeneza maboksi mawili ya plaiwudi, moja la kuingiza hewa chini upande wenye kivuli, lingine la kutoa juu upande wa pili, ndani yake vibao vimepangwa kwa kupishana ili hewa ipite kwa kona kona, na kuta za boksi zimevishwa blanketi nzito. Hewa inapinda, sauti kila ikigonga kona inapungua nguvu. Feni chukua kubwa inayozunguka taratibu, ndogo ya mbio inapiga kelele.

Ndani tumetundika blanketi za mitumba za pale Sabasaba, zimeachana na ukuta kidogo, kwenye kona tumerundika zaidi. Drams zinakaa juu ya jukwaa la plaiwudi lililolala kwenye chubu za gari zenye upepo kidogo, mana mshindo wa ngoma kubwa ya kupiga kwa mguu unapita ardhini.

Siku mpiga drams anapiga nikaenda kwa mama jirani. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, mbona leo kimya?" Nikamwambia wanapiga mama, sasa hivi. Akatoka hadi uani, akasikiliza, akasema anasikia kama mtu anatwanga mbali. Hiyo ni besi, yaani sauti nene ya chini, na besi haiishi yote, asikudanganye mtu, mawimbi yake ni marefu na yanataka uzito mkubwa kuliko wa kwetu. Ndo mana bado tunafunga saa 3 usiku.

Kitu ambacho watu hawakitaji ni kwamba ukizuia sauti isitoke umeizuia na ya nje isiingie. Ilimba ina vitundu vilivyofunikwa utando wa buibui, ndo unaoleta ile zzzz inayotetemeka baada ya kila noti. Uani, bodaboda zikipita, huisikii vizuri, mle ndani unaisikia hadi inavyokwisha, na wapigaji wetu wameanza kupiga polepole zaidi wakiisubiri.

Hela nyingi iliishia kwenye jipsam, mbao na usafiri. Kilichobaki ni mlango wa pili, tujenge kijivaranda kidogo ili mmoja ufungwe ndo mwingine ufunguliwe, mana saa hizi mtu akitoka katikati ya mazoezi mtaa mzima unajua. Mninga nimeshalipia nusu, nataka uwe umefungwa kabla ya mvua za Desemba mana mbao ikishalowa fundi hagusi.